Utitiri wa nyoka: Kwa nini kumtibu nyoka na kukisahau kizimba ni kutwanga maji kinuni

KILA aliyewahi kulea kuku wa kienyeji anaujua utitiri. Anajua jinsi mkono unavyomwasha baada ya kuokota mayai kiotani, jinsi kuku aliyeatamia anavyoyatoroka mayai kabla ya siku 21 kutimia, na jinsi dawa aliyopakwa kuku leo isivyowazuia wadudu hao kurejea juma lifuatalo.

Asilolijua pengine ni kwamba nyoka naye ana utitiri wake. Wapo wafugaji wa nyoka wanaomwogopa mdudu huyo kuliko wanavyoyaogopa meno ya nyoka wenyewe. Mtu anaweza kutumia miaka kukusanya nyoka wake mmoja mmoja, akawajengea vizimba vya vioo na kuwapimia joto asubuhi na jioni, kisha katika muda wa miezi miwili akawapoteza kwa sababu ya kijidudu kisichozidi chembe ya pilipili manga.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: nyoka wa kufugwa wanatuhusu nini sisi ambao tukimwona nyoka jambo la kwanza ni kutafuta fimbo? Jibu ni kwamba wanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Bustani ya Nyoka ya Nairobi, iliyo katika uwanja wa Makavazi ya Kitaifa, ilifunguliwa mwaka wa 1961, na vizazi vya wanafunzi vimepita mbele ya vioo vyake. Kule Watamu, marehemu James Ashe alianzisha shamba la nyoka la Bio-Ken mwaka wa 1980. Huko ng'ambo nako, mmoja wa nyoka wapendwao sana na wafugaji wa Marekani na Ulaya ni yule mfupi, mnene, mwenye madoa ya rangi ya chungwa, ambaye hujifukia mchangani akisubiri panya. Wao humwita boa wa mchanga wa Kenya. Jina la nchi yetu basi limo katika vyumba vya watu ambao hawajawahi kukanyaga ardhi yetu.

Aidha, kuna suala la uhai wa binadamu. Shirika la Afya Duniani (WHO), ambalo mwaka wa 2017 liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa, linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na sumu ya nyoka. Dawa inayowaokoa wanaofikishwa hospitalini mapema hutengenezwa kutokana na sumu inayokamuliwa kwa nyoka waliofugwa. Nyoka aliyenyonywa damu na utitiri hadi akadhoofika si wa kukamuliwa. Hivyo, anayelinda afya ya nyoka kizimbani huenda, bila kujua, analinda pia mguu wa mkulima anayepalilia mahindi Baringo au Kitui.

Mdudu mwenyewe ni yupi?

Wanasayansi humwita Ophionyssus natricis. Aliyemweleza kwanza kitaalamu ni Mfaransa Paul Gervais, mwaka wa 1844. Ijapokuwa tunamwita mdudu kwa mazoea, yeye ni wa ukoo wa kupe na buibui, na akikomaa huwa na miguu minane. Utitiri wa kuku na ndege wengine ni jamaa zake wa karibu, jambo linaloeleza kwa nini tabia zao zinafanana mno.

Jike asiyekula huwa na rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia, naye ni mdogo kiasi cha kutoonekana kwa urahisi. Akishiba damu huvimba akafikia urefu wa milimita moja hivi, na rangi yake hugeuka kuwa nyekundu iliyokolea au nyeusi. Hapo ndipo mfugaji humwona kwa mara ya kwanza, aghalabu akiwa amekufa maji ndani ya bakuli la nyoka.

Magamba ya nyoka ni kama vigae vya paa. Utitiri huingia chini ya ukingo wa gamba, pale ngozi ilipo laini, na kufyonza damu bila kusumbuliwa. Sehemu uzipendazo ni pembezoni mwa macho, mkunjo ulio chini ya kidevu, vishimo vya midomoni ambavyo chatu hutumia kuhisi joto la windo, na tundu la haja.

Kizimba ndicho kinachoulea

Hapa ndipo ulipo msingi wa mambo yote. Mwituni, nyoka huweza kubeba utitiri bila kudhurika sana. Sababu yake ni kwamba mdudu huyu hatagi mayai juu ya nyoka. Jike akishashiba hushuka, akatafuta mahali penye giza na unyevunyevu, na kutaga huko. Mayai yanapoanguliwa, nyoka wa mwituni amekwisha kwenda zake. Watoto wa utitiri hubaki katika shimo tupu wakimsubiri mgeni ambaye huenda asirudi, na wengi wao hufa kwa njaa au ukavu.

Kizimbani mambo hugeuka. Nyoka hana pa kwenda. Analala palepale alipolala jana, hatua chache kutoka ufa uliojaa mayai. Joto analowekewa kwa ajili ya afya yake ndilo hilo hilo linaloharakisha kuanguliwa kwa maadui wake. Matandiko ya magome ya miti na maranda, ambayo mfugaji huyaweka ili nyoka ajihisi yuko porini, huwa ghala la kuhifadhia vizazi vipya.

Kwa maneno mengine, kizimba kimemwondolea nyoka silaha yake kuu dhidi ya utitiri, nayo ni kuhama. Maadamu nyoka hawezi kuhama, ni sharti mfugaji aihamishe nyumba: atupe kilicho cha kutupwa, na achemshe kilicho cha kuchemshwa. Asiyelielewa jambo hili atamwosha nyoka wake kila siku hadi achoke, na bado atashindwa.

Kalenda ya adui

Mtaalamu wa Marekani Joseph Camin ndiye aliyechunguza kwa kina maisha ya mdudu huyu, na utafiti wake uliochapishwa mwaka wa 1953 ungali unategemewa hadi leo. Kutokana na uchunguzi wa aina hiyo, tunajua kwamba utitiri wa nyoka hupitia hatua tano.

Hatua ya kwanza ni yai, ambalo katika joto la kizimba huanguliwa baada ya siku moja hadi nne. Hutoka mtoto mwenye miguu sita asiyekula chochote. Baada ya siku moja au mbili hujivua ngozi na kuwa tunutu wa kwanza, mwenye miguu minane, na huyu ni lazima apate damu ili aendelee kukua. Akishiba hushuka kutoka kwa nyoka, akajivua tena na kuwa tunutu wa pili, ambaye naye hali. Hatimaye hukomaa na kurudi kwa nyoka kunyonya.

Safari hiyo yote, kutoka yai hadi ukomavu, huchukua takriban wiki mbili hadi tatu, na joto likipanda huwa fupi zaidi. Aliyekomaa huweza kuishi hadi siku 40. Katika muda huo jike mmoja hutaga mayai kati ya 60 na 80, si kwa mkupuo mmoja bali kidogo kidogo kila baada ya mlo.

Tufanye hesabu ndogo. Jike mmoja akitaga mayai 60, na tuchukulie kwamba nusu yake ni majike yanayofikia utu uzima, tutakuwa na majike 30. Hayo nayo yakitaga 60 kila moja, tutapata mayai 1,800. Hiyo ni kazi ya jike mmoja tu, na ni vizazi viwili, yaani muda usiofikia miezi miwili mara nyingi. Wala jike hahitaji dume ili atage. Mayai yasiyorutubishwa hutoa madume, hivyo hata mdudu mmoja aliyeingia peke yake huweza kuanzisha ukoo.

Msomaji azingatie mambo mawili katika kalenda hiyo. Kwanza, katika hatua tano ni mbili tu ambazo mdudu humhitaji nyoka. Sehemu kubwa ya jeshi, wakati wowote, haiko juu ya nyoka bali imo ndani ya nyufa. Pili, dawa nyingi zinazoua wadudu hai haziyagusi mayai. Anayetibu mara moja, akaona wadudu wamekufa na kushangilia, ameua wazazi na kuwaacha watoto wakingoja zamu yao.

Dalili za kuangalia

Nyoka hana mikono ya kujikuna wala sauti ya kulalamika. Hata hivyo, ana njia zake za kusema. Aliyevamiwa na utitiri hupenda kulala ndani ya bakuli la maji kwa saa nyingi, akitafuta nafuu. Hujisugua kwenye mawe na kuta za kizimba, hupoteza hamu ya kula, na wakati wa kujivua gamba hutoka vipande vipande badala ya kulivua zima kama soksi.

Kuna pia alama za macho. Vumbi jeupe mfano wa majivu lililotapakaa juu ya magamba ni kinyesi cha utitiri. Magamba yanayozunguka jicho huinuka, kana kwamba kuna kitu kimesukumwa chini yake. Vitone vyeusi chini ya maji ya bakuli navyo ni ushahidi usiohitaji wakili.

Kulala majini pekee si hoja tosha, kwani nyoka hufanya hivyo pia kunapokuwa na joto kali au anapokaribia kujivua gamba. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kumpitisha nyoka mkononi ulioshika kitambaa cheupe chenye unyevu, kutoka shingoni hadi mkiani. Kitambaa kikitoka na vitone vyeusi au vyekundu vinavyotembea, shaka imekwisha.

Nyoka mwenye sumu hafanyiwi jaribio hili na mtu asiye na mafunzo, hata kama mtu huyo amemfuga kwa miaka kumi.

Madhara yanayozidi mwasho

Wadudu wachache humsumbua nyoka tu. Wakizidi, humwishia damu. Nyoka wachanga na wembamba ndio huathirika mapema, kwa kuwa damu yao ni kidogo tangu mwanzo.

Hatari kubwa zaidi ni maradhi yanayobebwa. Mwaka wa 1948, Camin huyo huyo alionyesha kwamba utitiri huweza kuhamisha bakteria kutoka kwa nyoka mgonjwa hadi kwa mzima, na kusababisha sumu ya damu inayoua. Miaka mingi baadaye, mnamo 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitambua virusi katika nyoka wa jamii ya boa na chatu walioshikwa na ugonjwa usio na tiba ambao huvuruga neva zao, wakashindwa kugeuza mwili au hata kuinua kichwa sawasawa. Utitiri unashukiwa kuwa mmoja wa wasambazaji wa ugonjwa huo, ingawa shuhuda za mwisho hazijakamilika. Kwa mfugaji mwenye nyoka kumi katika chumba kimoja, shuku hiyo pekee yatosha kumfanya achukue hatua.

Binadamu naye hasalimiki kabisa. Utitiri huu hauishi juu ya mtu, lakini uking'ang'ania nyumbani huweza kumuuma na kumwachia vipele vinavyowasha kwenye mikono na kiuno.

Hatua kwa hatua

Mfugaji aliyegundua utitiri katika kizimba kimoja na ahesabu kwamba umo katika vyote vilivyo chumbani humo. Wadudu hawa hutembea, na husafiri pia juu ya mikono, nguo na vifaa. Vizimba vyote vinapaswa kushughulikiwa siku moja, kuanzia kwa nyoka anayeonekana mzima na kumalizia kwa aliyeathirika zaidi.

Kwanza, nyoka atolewe na kuwekwa katika chombo cha plastiki kisicho na nyufa, chenye matundu ya hewa na mfuniko unaofunga barabara.

Pili, matandiko yote yatiwe katika mfuko, yafungwe na kutupwa mbali na nyumba siku hiyo hiyo. Magome na matawi ya pambo yatupwe pia au yachomwe, kwa maana mashimo yake hayasafishiki. Mawe na mabakuli yachemshwe.

Tatu, kizimba kioshwe kwa maji moto yaliyotiwa sabuni, na kila pembe, bawaba na mfereji wa kioo usuguliwe kwa brashi. Majike walioshiba hupenda kupanda juu wanapotafuta mahali pa kutaga, hivyo mfuniko na kingo za juu zisisahauliwe. Meza au rafu iliyobeba kizimba nayo ioshwe, pamoja na ukuta wa nyuma yake.

Nne, nyoka aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu saa hivi. Kina cha maji kisizidi unene wa mwili wake ili asichoke kuogelea, na asiachwe peke yake. Maji yatawazamisha wadudu wengi, lakini baadhi yao watakimbilia kichwani. Hao wapanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia, kwa uangalifu pembezoni mwa macho.

Tano, kizimba kilichokauka kitandikwe karatasi nyeupe tupu, na kiwekewe bakuli la maji na pahali pamoja pa kujificha, basi. Magazeti yetu, ambayo kwa kawaida tungefurahi kuona yakitumika tena, hayafai hapa kwa sababu wino wake mweusi huwaficha wadudu. Karatasi ibadilishwe kila siku mbili au tatu, na iliyotolewa ifungwe na kutupwa papo hapo.

Sita, kazi yote irudiwe kila wiki kwa muda usiopungua wiki sita. Hesabu hiyo imetokana na kalenda tuliyoieleza: mzunguko mmoja ni hadi wiki tatu, na aliyekomaa huishi hadi siku 40. Anayeacha katika wiki ya tatu kwa kuwa haoni kitu, ameacha mlango wazi usiku wa manane.

Dawa iponyayo na dawa iuayo

Mahali uvamizi ulipokithiri, usafi peke yake hautoshi na dawa huhitajika. Hapa ndipo wafugaji wengi huwaua nyoka wao kwa mikono yao wenyewe.

Dawa zinazotumiwa na madaktari wa mifugo ni pamoja na fiproni, ile ile inayopulizwa mbwa kuua viroboto, na pamethrini. Fiproni hutiwa kwanza kwenye kitambaa, kisha nyoka akapanguswa nacho bila kuguswa macho wala mdomo. Pamethrini iliyotengenezwa kwa kazi hii hupulizwa kizimbani nyoka akiwa ametolewa, na hurudishwa tu baada ya kila kitu kukauka na hewa kubadilika. Bakuli la maji huondolewa wakati huo, ili dawa isinywewe. Wenye paka na samaki nyumbani wajihadhari, kwani pamethrini ni sumu kali kwa wanyama hao.

Nyoka walio wengi hutegemea pafu moja tu, lile la kulia. Kizimba kilichofungwa na kujaa mvuke wa dawa ni chumba cha kifo kwa kiumbe kama huyo. Kosa la kawaida ni kuchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo imo katika kila duka la pembejeo, na kukisia kipimo. Dawa iliyopimwa kwa ajili ya fahali wa kilo 400 haiwezi kukisiwa kwa nyoka wa gramu 400. Vivyo hivyo dawa za kupulizia mende: kopo la mende halina nafasi katika chumba cha nyoka.

Dawa nyingine ni aivamektini, ambayo ugunduzi wake uliwapa William Campbell na Satoshi Omura sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015. Imewaokoa mamilioni ya watu na mifugo. Hata hivyo, kwa kobe ni sumu inayomlemaza na kumuua, na mwenye kobe na nyoka chini ya paa moja hapaswi kulisahau hilo hata kwa dakika. Kwa nyoka wenyewe, kipimo kikizidi huleta kutetemeka na kifo. Hii ni dawa ya daktari. Si ya jirani aliyebakiza nusu chupa baada ya kuchanja mbuzi.

Nyoka mchanga, aliyekonda, au anayekaribia kujivua gamba asiwekewe dawa yoyote kabla daktari hajamwona. Kwa huyo, maji, kitambaa na karatasi nyeupe ndiyo tiba ya kuanzia.

Utitiri dhidi ya utitiri

Iko njia nyingine, ambayo kwa Wakenya si ngeni. Katika mashamba ya waridi ya Naivasha, wakulima huachilia utitiri mlaji aitwaye Phytoseiulus persimilis ili uwawinde utitiri mwekundu unaoharibu majani. Wafugaji wa nyoka wa Ulaya na Marekani wameiga hekima hiyo kwa kutumia aina nyingine, Stratiolaelaps scimitus, ambayo huishi udongoni na haina haja na damu ya nyoka.

Wawindaji hawa huachiliwa kizimbani, wakapenya nyufani na kuwala utitiri wa nyoka pamoja na watoto wao. Windo likiisha, nao hufa au kutawanyika. Faida yake ni kwamba hakuna sumu, na jeshi hilo huingia mahali ambapo brashi haifiki.

Lakini njia hii ina mipaka yake. Wawindaji hawawezi kumng'oa mdudu aliyejichimbia chini ya gamba pembeni mwa jicho, na dawa yoyote iliyosalia kizimbani huwaua wao kwanza. Anayewachagua ni lazima aachane na dawa, aendelee kumwogesha nyoka, na awe mvumilivu.

Kinga ni bora kuliko tiba

Utitiri hauzuki hewani. Mara nyingi huingia na nyoka mgeni, au na magome, au na nguo za mtu aliyetoka kushika nyoka kwingine. Biashara ya nyoka ni kubwa. Ghana, Togo na Benin husafirisha maelfu ya chatu wadogo kila mwaka, na nyoka waliosongamana katika mifuko na masanduku hugawana kila walicho nacho.

Kwa hiyo nyoka mgeni, awe ametoka kwa rafiki au kwa muuzaji mwenye sifa, akae karantini katika chumba tofauti kwa siku 60 hadi 90, juu ya karatasi nyeupe, akiwa na vyombo vyake visivyotumiwa na mwingine. Ahudumiwe mwisho, baada ya wenyeji. Mikono ioshwe kila baada ya nyoka mmoja. Huu ni usumbufu, lakini siku 90 za usumbufu ni nafuu kuliko wiki sita za vita katika vizimba kumi.

Kuna jambo la sheria pia. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, humu nchini hakuna anayeruhusiwa kumfuga nyoka wa mwituni bila idhini kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Chatu na boa wanalindwa pia na mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe hao. Kijana aliyemwokota nyoka shambani na kumficha chini ya kitanda amevunja sheria, na kwa kuwa anaogopa kukamatwa, hataenda kwa daktari wa mifugo utitiri utakapomvamia mnyama huyo. Anayeumia kwanza ni nyoka.

Nyanya zetu waliofuga kuku walilijua hili kabla ya darubini kufika kwao. Utitiri ulipoingia, hawakuhangaika na kuku peke yake. Walilichoma moto nyasi kuukuu la kiota, wakapaka majivu katika nyufa za banda, na baada ya siku kadhaa wakarudia. Hawakuwa wamehesabu siku za yai wala kumsikia Camin, lakini walikuwa wamemwona adui akirudi mara nyingi kiasi cha kujua alikokuwa amelala.

Mfugaji wa nyoka mwenye kizimba cha kioo na kipimajoto cha umeme hana budi kujifunza somo hilo hilo. Anayetaka kumwokoa nyoka wake aanze kwa kuipekua nyumba, na baada ya kushinda asiache kuhesabu siku.